Mark Twain, rubani wa Mto Mississippi aliyegeukia kalamu

AGHALABU anayelitaja jina la Mark Twain humkumbuka Tom Sawyer, yule mvulana mtundu aliyewahadaa wenzake wakapaka ua chokaa kwa niaba yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtunzi wa kisa hicho alikuwa mwanahabari kwa miaka mingi kabla ya kutunga riwaya, na kwamba kabla ya kuingia magazetini alikuwa rubani wa meli za mvuke. Wachache zaidi wanafahamu kuwa uzeeni, sifa zake zikiwa zimeenea kote duniani, aliishika kalamu kuwatetea wakazi wa bonde la mto mwingine, Mto Kongo, ambao hakuwahi kuutia machoni.

Safari ya kutoka mto wa kwanza hadi wa pili ilimchukua miaka sabini. Ilianzia katika nyumba iliyomiliki watumwa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa Novemba 30, 1835 katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri nchini Marekani. Alikuwa wa miaka minne hivi familia ilipohamia Hannibal, mji mdogo ulio kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Mississippi. Hapo ndipo alipokulia, na hapo ndipo alipochota takriban kila alichokuja kukiandika kikadumu.

Mto huo ulikuwa barabara, soko na mpaka kwa wakati mmoja. Upande wa Missouri sheria iliruhusu binadamu kununuliwa na kuuzwa. Ng'ambo ya pili, katika jimbo la Illinois, utumwa ulikuwa umepigwa marufuku, ingawa mtumwa aliyefaulu kuvuka angaliweza kusakwa, kukamatwa na kurejeshwa kwa bwana wake. Kusini, kule maji yanakoelekea, kulikuwa na mashamba makubwa ya pamba na miwa ambako watu weusi walifanyishwa kazi za sulubu. Kwa mtumwa wa Hannibal, hakuna tishio lililozidi lile la kuuzwa kwa wafanyabiashara wa huko. Sam aliwahi kuona kundi la wanaume na wanawake waliofungwa kwa mnyororo mmoja, wakiwa wamelala kando ya njia wakingoja kupakiwa melini. Katika maji hayo hayo yeye na wenzake walioga na kuvua samaki.

Babake, John Marshall Clemens, alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara ambaye biashara zake hazikumwendea vyema. Mnamo 1841 alikuwa miongoni mwa wazee wa baraza katika kesi ya Wazungu watatu waliovuka kutoka Illinois kwa nia ya kuwasaidia watumwa kutoroka. Watatu hao walipatikana na hatia na kufungwa miaka 12 gerezani. Familia yenyewe ilikuwa na mtumwa mmoja mmoja, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Jennie aliyewalea watoto, aliuzwa pesa zilipoadimika.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho Sam hakukisahau hadi alipokuwa mzee. Nyumbani mwao palikuwa na mtoto mtumwa aitwaye Sandy, aliyekodishwa kutoka kwa bwana wake. Sandy alikuwa akiimba, akipiga mbinja na kucheka mchana kutwa, hata Sam akachoshwa na kelele hizo na kwenda kumshtaki kwa mamake. Mama yake, Jane, alimweleza huku machozi yakimlengalenga kwamba mtoto huyo alitenganishwa na mamake huko Maryland na hangemwona tena maishani. Maadamu anaimba, mama huyo alieleza, yamkini kwa wakati huo hakumbuki. Tangu siku hiyo Sam hakulalamika tena.

Mama huyo mwenye huruma, hata hivyo, hakuona ubaya wowote katika utumwa wenyewe. Hakuna aliyemwambia kuwa ni uovu. Magazeti ya mji hayakusema, mahakama haikusema, na wahubiri wakitumia Biblia walifundisha kinyume chake. Ndiyo hali aliyolelewa ndani yake mwandishi huyu, na asiyeifahamu hawezi kuupima umbali aliokuja kuusafiri.

Msimu wa kiangazi Sam alipelekwa katika shamba la mjomba wake, John Quarles, karibu na kijiji alikozaliwa. Shamba hilo lilikuwa na watumwa wapatao ishirini. Miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja aliyeitwa Uncle Dan'l, ambaye jioni aliwakusanya watoto, weusi kwa weupe, kibandani mwake na kuwatolea hadithi za kutisha kando ya moto. Wasomaji waliokuzwa kwa ngano za nyanya zao mekoni watatambua mara moja ni shule ya aina gani hiyo. Humo kibandani Sam alijifunza namna ya kusimulia, mahali pa kunyamaza na mahali pa kushtua. Mzee huyo ndiye aliyekuja kuwa kielelezo cha Jim, mtumwa mtoro wa riwaya yake kuu.

Babake alifariki Machi 1847, Sam akiwa na umri wa miaka 11. Muda si muda aliiacha shule akawa mwanagenzi wa kiwanda cha kuchapisha gazeti. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi moja baada ya nyingine, na malipo yake yalikuwa chakula na nguo. Baadaye alimfanyia kazi kaka yake mkubwa, Orion, aliyekuwa na gazeti lake mjini Hannibal, na humo ndimo vichekesho vyake vya kwanza vilimochapishwa. Mnamo 1853, akiwa na miaka 17, alifunga virago akaenda St. Louis, kisha New York na Philadelphia, akiishi kwa kazi ya kupanga herufi na kutuma barua ambazo Orion alizichapa kama habari kutoka mbali.

Mwaka 1857 alipanda meli kuelekea New Orleans akiwa na ndoto ya kwenda Amerika Kusini, kwenye Mto Amazon. Hakufika. Njiani alimshawishi Horace Bixby, mmoja wa marubani hodari, amfundishe kazi yake kwa ada ya Dola 500.

Msomaji wa leo akisikia neno rubani huwaza ndege. Mabaharia wa Pwani walilitumia kabla ndege hazijabuniwa, kwa maana ya mjuzi wa njia anayekiongoza chombo kati ya miamba na mafungu ya mchanga. Hiyo ndiyo kazi aliyojifunza Sam. Alitakiwa kuuweka kichwani mto wote kutoka St. Louis hadi New Orleans, kiasi cha maili 1,200: kila kona, kila kisiwa, kila gogo lililozama, kila mti mkavu wa kulenga ukingoni. Alitakiwa kuujua ukipanda na ukishuka, mchana na katika giza totoro, kwani usiku kivuli cha ukingo hudanganya. Baada ya kuyakariri yote hayo aligundua jambo lililomkatisha tamaa. Mississippi haukai mahali pamoja. Hula kingo zake, huzua visiwa, huvifuta, na baada ya gharika hukata njia mpya kabisa. Alichokihifadhi msimu huu kingemzamisha msimu ujao.

Basi alijifunza kuusoma uso wa maji. Kiwimbi kidogo ambacho abiria angekisifia kwa uzuri wake, kwa rubani kilikuwa onyo la mwamba uliojificha. Baadaye aliandika kwa majuto kwamba ujuzi huo ulimnyang'anya kitu: tangu alipoufahamu mto hakuweza tena kuustaajabia kama zamani. Lakini tabia ya kutouamini uso wa jambo hadi ujue kilicho chini yake haikumtoka tena, na ilimfaa sana alipoingia magazetini.

Alipata leseni Aprili 9, 1859, akawa analipwa Dola 250 kwa mwezi.

Kabla ya leseni hiyo lilimpata pigo ambalo hakulipoa. Alikuwa amemtafutia mdogo wake, Henry, kibarua katika meli iliyoitwa Pennsylvania, ambamo yeye mwenyewe alishika usukani chini ya rubani mkali aitwaye William Brown. Siku moja Brown alimshambulia Henry. Sam akaingilia kati wakapigana, na ikabidi Sam aihame meli hiyo. Henry akabaki. Siku chache baadaye, mnamo Juni 13, 1858, matangi ya mvuke ya Pennsylvania yalilipuka karibu na Memphis na kuwaua watu wengi. Henry aliungua vibaya na kufariki Juni 21, kakake akiwa kando ya kitanda. Alikuwa na umri wa miaka 19. Sam alijilaumu kwa kifo hicho hadi kaburini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, safari za mtoni zilisimama. Sam alijiunga na kikosi cha wanamgambo wa upande wa Kusini, uliopigania utumwa uendelee. Alidumu humo majuma mawili hivi kisha akaondoka. Akafuatana na Orion, aliyekuwa ameteuliwa katibu wa serikali ya eneo la Nevada, wakasafiri kwa gari la farasi hadi magharibi ya mbali. Alijaribu kuchimba fedha akaambulia patupu. Kufikia 1862 alikuwa ameajiriwa na gazeti la Territorial Enterprise mjini Virginia City, kwa Dola 25 kwa wiki.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina. Katika meli za Mississippi baharia mmoja alisimama mbele na kamba ya kupimia kina, ile ambayo mabaharia wa Kiswahili huiita bildi, akinadi vipimo kwa rubani. Alipotaja Mark Twain alimaanisha pima mbili, yaani futi 12, kina cha kutosha chombo kupita salama. Clemens alilitia jina hilo kwenye makala yake kwa mara ya kwanza Februari 3, 1863, na kuanzia hapo dunia haikumjua kwa jingine.

Si kila alichokiandika Nevada kilikuwa kweli. Alibuni habari za mtu aliyegeuka jiwe na nyingine za mauaji ambayo hayakutokea, na magazeti mengine yakazinakili yakidhani ni za kweli. Wahariri wa leo wangemfuta kazi asubuhi hiyo hiyo. Hata hivyo alipohamia San Francisco mwaka 1864 na kuandikia gazeti la Morning Call, alikutana na udanganyifu wa aina nyingine. Aliona wahuni wakimpiga mawe Mchina aliyekuwa amebeba nguo za kufua, huku polisi akitazama na kufurahia. Aliandika habari hiyo kwa hasira. Asubuhi iliyofuata hakuiona gazetini: mhariri aliitoa asije akawaudhi wasomaji waliowachukia Wachina. Haukupita muda mrefu akaachishwa kazi.

Kisa chake cha chura wa mashindano ya kuruka, kilichochapishwa New York Novemba 1865, kilimfanya ajulikane nchi nzima. Mwaka 1866 alitumwa na gazeti la Sacramento Union katika visiwa vya Hawaii, na mwaka uliofuata akapanda meli ya Quaker City pamoja na kundi la mahujaji na watalii waliozuru Ulaya na Nchi Takatifu. Barua alizoyaandikia magazeti safarini alizigeuza kitabu, The Innocents Abroad, kilichotoka 1869 na kununuliwa kwa wingi mno. Mwaka huo huo akawa mbia katika gazeti la Buffalo Express. Mojawapo ya tahariri zake za kwanza humo, isiyotiwa saini, iliwashutumu wazungu wa Memphis waliomuua mtu mweusi bila kumfikisha mahakamani, kisha ikabainika kuwa hakuwa na hatia.

Nini kilichombadilisha mwana wa Hannibal? Ndoa ilichangia. Februari 1870 alimwoa Olivia Langdon wa Elmira, jimbo la New York, binti wa mfanyabiashara tajiri aliyekuwa mpinzani wa utumwa na rafiki wa Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa msemaji mkuu wa watu weusi. Lakini yaelekea aliyemfungua macho zaidi ni mpishi.

Familia ya Clemens ilijenga nyumba Hartford, ila miezi ya kiangazi waliishi katika shamba la shemeji yake nje ya Elmira. Mpishi wa hapo, Mary Ann Cord, alikuwa mwanamke mcheshi mwenye kicheko kikubwa. Jioni moja Clemens alimuuliza imekuwaje ameishi miaka yote hiyo bila ya kupatwa na taabu. Mama huyo akanyamaza, kisha akasimulia. Alikuwa ameuzwa mnadani pamoja na mumewe na watoto wao saba, kila mmoja kwa bwana wake. Mwanawe wa mwisho, Henry, alitoroka baadaye kwenda kaskazini, na wakati wa vita akarudi kusini akiwa askari akimtafuta mamake, wakakutana jikoni. Clemens aliyachapisha masimulizi hayo katika jarida la Atlantic Monthly Novemba 1874, kwa lahaja ya msimuliaji mwenyewe. Hakuna kichekesho hata kimoja ndani yake. Ni makala fupi, lakini bila hiyo ni vigumu kuiwazia riwaya iliyoifuata.

Kuanzia Januari 1875 jarida hilo lilichapisha mfululizo wa makala zake kuhusu kazi ya urubani. Mwaka 1876 kikatoka kitabu cha Tom Sawyer, na majira hayo hayo akaanza kingine kuhusu rafiki mkata wa Tom, Huckleberry Finn, anayetoroka kwa chelezo pamoja na Jim, mtumwa anayeogopa kuuzwa kusini. Kitabu kilikwama. Alikiweka kando, akakirudia, akakiweka tena.

Kilichomkwamua ni mto wenyewe. Aprili 1882, baada ya zaidi ya miaka ishirini mbali na usukani, alirejea Mississippi akiwa na daftari kama ripota. Alishuka hadi New Orleans, akakutana tena na mwalimu wake Bixby, kisha akapanda hadi St. Paul. Gati la St. Louis ambalo zamani lilijaa meli pua kwa mkia alilikuta na chache tu zilizolala. Reli ilikuwa imeiua biashara ya mtoni. Marubani aliowajua walikuwa wamekufa au wamegeuka wakulima. Watumwa walikuwa huru kisheria, lakini kule kusini alikuta chuki ileile imebadilisha nguo. Ripoti ya safari hiyo, ikiunganishwa na zile makala za Atlantic, ndiyo kitabu cha Life on the Mississippi cha 1883. Sehemu yake ya pili ina takwimu nyingi kupita kiasi na huchosha, lakini ile ya kwanza haijapata mshindani miongoni mwa vitabu vya mito.

Huckleberry Finn ilichapishwa Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885. Jambo la kwanza lililowashtua wasomaji ni lugha. Msimulizi ni mtoto wa mlevi, asiye na elimu, na anazungumza hivyo hivyo. Clemens aliandika kwa lahaja kadhaa za bonde la Mississippi na kuzitofautisha kwa makini. Ni kama mwandishi wa leo aache Kiswahili sanifu na kutunga riwaya nzima kwa Kimvita, Kiamu na Kitikuu, kila mhusika na ya kwao. Machi 1885 maktaba ya umma ya Concord, jimbo la Massachusetts, ilikiondoa kitabu hicho rafuni kwa madai kuwa ni cha kihuni.

Kitovu chake ni uamuzi mmoja. Huck amefundishwa, kama Sam alivyofundishwa, kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na wezi huenda motoni. Anaandika barua ya kumfichua Jim kwa mwenye mali. Kisha anamkumbuka Jim wakiwa kwenye chelezo, akishika zamu yake ili yeye aendelee kulala. Anairarua barua na kukubali kwenda motoni. Mtoto huyo hajui kuwa yuko sahihi. Anaamini kwa dhati kwamba ametenda dhambi. Hapo Clemens aliwahukumu wahubiri, mahakimu na wazazi wa Hannibal kwa pamoja, babake mwenyewe akiwemo.

Sura za mwisho, ambamo Tom Sawyer anarudi na kuufanya ukombozi wa Jim mchezo wa kitoto, haziwi sawa na zilizotangulia, na wahakiki wengi wamelalamika. Ubishi mwingine ni mzito zaidi. Tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi linatokea kitabuni zaidi ya mara 200, na wazazi weusi wa Marekani kwa miaka mingi wamepinga watoto wao kusomeshwa neno hilo darasani. Mwaka 2011 lilitolewa toleo lililoweka neno mtumwa mahali pake. Mnamo 2024 mwandishi mweusi Percival Everett alijibu kwa njia nyingine: alikisimulia kisa upya kwa mdomo wa Jim katika riwaya James, iliyoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wala Clemens mwenyewe hakuwa malaika. Katika kitabu cha Roughing It cha 1872 aliwadhihaki wenyeji asilia wa Marekani kwa maneno ya kinyama, na huruma aliyowaonea watu weusi alichelewa mno kuwapa wao.

Mwaka uo huo Huck alipotoka Marekani, Clemens alizuru Chuo Kikuu cha Yale na kukutana na Warner McGuinn, mwanafunzi mweusi wa sheria aliyekuwa akifanya vibarua ili ajilipie masomo. Alimwandikia mkuu wa kitivo akijitolea kumlipia gharama zake, akieleza kuwa ni wazungu waliowaponda watu weusi, hivyo ni wao wanaopaswa kulipa. McGuinn akawa wakili mashuhuri Baltimore, na katika miaka ya 1930 alimshika mkono wakili chipukizi aitwaye Thurgood Marshall. Wakenya wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Marshall ndiye aliyewashauri wajumbe Waafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na kuiandalia Kenya rasimu ya sheria ya haki za binadamu.

Kwa pesa, Clemens hakuwa na bahati wala busara. Shirika lake la uchapishaji liliistawisha familia ya Jenerali Ulysses Grant kwa kuuza kumbukumbu za rais huyo wa zamani, lakini faida zilimezwa na mashine ya kupanga herufi ambayo kijana aliyekulia kiwandani aliamini ingewatajirisha. Ilimeza kiasi cha Dola 300,000 na haikufaa kitu. Aprili 1894 shirika lilifilisika. Sheria haikumlazimu kulipa kila senti, lakini aliamua kulipa, na mwaka 1895 akiwa karibu na miaka 60 alianza ziara ya kuhutubia duniani: Australia, New Zealand, India, Mauritius na Afrika Kusini. Alipofika Uingereza Agosti 1896 alipokea habari kwamba binti yake Susy, mwenye umri wa miaka 24, amefariki Hartford. Kufikia 1898 hakuwa na deni.

Ziara hiyo ilimwonyesha ukoloni kwa karibu. Alirudi nyumbani mwaka 1900 akiwa mpinzani wa wazi wa vita vya Marekani huko Ufilipino, na mwaka 1904 Mwingereza E. D. Morel akamjia na suala la Kongo.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa akiimiliki nchi hiyo kama shamba lake binafsi tangu 1885. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira. Visivyotimiza kiwango vilichomwa, wake walishikwa mateka, na mikono ya watu ilikatwa. Kwa Clemens hii haikuwa habari ya mbali kabisa. Henry Morton Stanley, mwanahabari mwenzake aliyefahamiana naye tangu 1867 huko St. Louis, ndiye aliyeushuka Mto Kongo na wapagazi kutoka Zanzibar hadi Boma mwaka 1877, kisha akamtumikia Leopold kuanzisha vituo mtoni. Clemens alikuwa amemkaribisha jukwaani Boston mwaka 1886 kwa sifa tele. Aidha, Marekani ndiyo iliyokuwa dola ya kwanza kuitambua bendera ya Leopold mnamo 1884.

Aliandika kijitabu, King Leopold's Soliloquy, ambamo mfalme anajisemea peke yake, akinung'unika kuhusu wamishonari waropokaji na hasa kamera, shahidi pekee asiyeweza kumhonga. Jarida lililozoea kazi zake lilikikataa. Kilichapishwa Boston mwaka 1905 pamoja na picha za watu waliokatwa mikono, na mapato yote yakapewa chama cha kuitetea Kongo. Watetezi wa Leopold walimjibu kwa kijitabu chao. Clemens alikwenda hadi Washington kuishawishi serikali, lakini mwaka 1906 alijitoa, akiwa amechoka na ameona kuwa serikali haina nia. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, nao ukoloni wa Wabelgiji ukaendelea hadi 1960.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya misiba. Olivia alifariki 1904 huko Florence, na binti yao Jean akafuata siku moja kabla ya Krismasi ya 1909. Clemens alipenda kusema kwamba kwa kuwa alikuja na ile nyota yenye mkia ya Halley, iliyoonekana mwaka aliozaliwa, angeondoka nayo. Ilipita karibu na jua Aprili 20, 1910. Yeye aliaga dunia kesho yake, nyumbani kwake Redding, jimbo la Connecticut, akiwa na umri wa miaka 74.

Aliacha maelfu ya kurasa za tawasifu aliyowasimulia makarani, pamoja na agizo kwamba isichapishwe nzima hadi ipite miaka mia moja, ili aweze kusema bila kumwogopa mtu. Juzuu la kwanza lilitoka 2010. Kisa cha Sandy kimo.

Alizikwa Elmira, kando ya mkewe na watoto waliomtangulia. Mwaka 1937 Clara, binti pekee aliyebakia, alimsimamishia mnara makaburini hapo. Urefu wake ni futi 12, yaani pima mbili.